Shajara ya mradi: kuskani picha zangu zote za meli na kuipa kila meli namba yake

3 Februari 2024: mzigo wenyewe

Napiga picha meli za biashara tangu niko shule. Nilianza na filamu nyeusi na nyeupe, alafu slaidi, alafu negativu za rangi, alafu dijitali, na sijawahi kuacha. Meli za mizigo mchanganyiko, tanka, za makontena, za magari, tagi zinazozivuta, zote nazipenda. Sasa kila kitu cha kabla ya dijitali kiko kwenye maboksi, na habari za kila picha ziko sehemu tatu: daftari, penseli kwenye fremu ya slaidi, na kichwani mwangu. Cha kichwani kitaondoka na mimi, ndo maana naanza sasa.

Lengo ni hili: kila fremu iwe faili, kila faili ibebe jina la meli, namba ya IMO (namba ya kudumu ya meli), tarehe na mahali, na mtu asiyenijua aweze kuitafuta na kuipata. Shajara hii naiandika ili mwenye maboksi kama yangu aige kinachofaa na aruke kilichoshindikana.

Kwanini nahangaika na meli ambazo hata waliokuwa wanazipita kila siku hawakuziangalia? Kwa sababu hio hio. Meli kubwa za abiria kila mtu alizipiga picha. Ila ile meli ya kawaida yenye milingoti na winchi zake, inayopakia magunia na mbao na mashine kipande kimoja kimoja, iliondoka kimya kimya. Ideal X, moja ya meli za kwanza za makontena, ilitoka Newark kwenda Houston tarehe 26 Aprili 1956 ikiwa na makontena 58, na miongo michache baadaye meli za winchi zilikuwa foleni kwenda kukatwa. Mimi nilikuwa nazipiga bila kujua kwamba naziaga.

24 Februari 2024: kunusa kabla ya kuskani

Wiki zote hizi sijaskani hata fremu moja, nimepanga tu, na ningeshauri kila mtu aanzie hapa. Fungua kila boksi unuse. Ukikuta harufu ya siki ujue filamu ya asetati imeanza kuoza, inatoa asidi, na asidi hio inaharakisha kuoza kwa filamu yenyewe na ya jirani yake. Roli za namna hio zinajikunja, zinasinyaa, mwishowe tabaka la picha linabanduka, na hapo hakuna tena cha kuokoa.

Nimezitoa zote zenye harufu, nimezitenga kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi lenye kupitisha hewa, na hizo ndo zitaskaniwa mwanzo hata kama hazina meli nzuri. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuanza na picha ninazozipenda, nimeuacha. Foleni inapangwa kwa hatari.

Slaidi zangu za Kodachrome ndo zimenifurahisha, rangi zimekaa vizuri kabisa kwa sababu zilikaa gizani. Kodachrome inavumilia sana giza, taa ya projekta ndo inayoimaliza. Hii filamu ilisimamishwa 2009 na maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo kule Kansas, ikaacha kuipokea mwisho wa 2010, kwaiyo slaidi uliyonayo ndo hio hio.

16 Machi 2024: skana imegoma kwa nyeusi na nyeupe

Skana ya filamu nimeiweka kwenye nukta 4000 kwa inchi. Fremu ya milimita 36 kwa 24 inatoa pikseli kama milioni 21, na ukihifadhi kwa biti 16 kila rangi faili moja la TIFF linafika MB 128 hivi. Roli ya fremu 36 inakula zaidi ya GB 4.5. Hio ndo gharama ya kwanza, nafasi ya diski, na ni bora uijue kabla hujaanza maana huwezi kukaa katikati ya kazi unafuta.

Nilijaribu nukta 2400 ili kuokoa nafasi. Kwa mandhari ingetosha, kwa meli haitoshi. Jina kwenye omo (mbele ya meli) kwenye picha iliyopigwa kwa mbali ni herufi ndogo mno, na kwa 2400 herufi E na F zinafanana. Ukirudi 4000 unasoma. Mahali pengine punje za filamu ndo zinaweka mpaka, hapo hata ukipandisha hupati kitu kipya.

Sasa iliyoshindikana. Skana ina njia ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi: vumbi linauzuia, rangi za filamu zinauachia upite, kwaiyo mashine inajua lipi vumbi na ipi picha. Kwa negativu za rangi ni msaada mkubwa. Kwa nyeusi na nyeupe za kawaida haifanyi kazi kabisa, kwa sababu picha yenyewe ni fedha, na fedha inazuia infraredi kama vumbi tu. Matokeo yake waya za milingoti zilifutwa, kamba za kufungia meli zikakatika katikati, na kwenye fremu moja antena nzima ya rada ilipotea. Kodachrome nayo inasumbua, tabaka lake moja linazuia infraredi kiasi, basi kingo za meli zinapata ukungu wa ajabu.

Dawa: njia hio nimeizima kwa nyeusi na nyeupe na kwa Kodachrome, naiacha kwa negativu za rangi tu, na hata huko nakagua waya kwa jicho. Vumbi napuliza kwa bombea ya mpira na brashi laini kabla ya kuskani. Doa likibaki angani naliondoa kwa mkono, doa likibaki juu ya meli naliacha. Kwenye mwili wa meli sigusi kitu, mtu akija kusoma ile picha baada ya miaka anatakiwa awe na uhakika kwamba kila waya anaouona ulikuwepo.

27 Aprili 2024: kamera juu, taa chini

Skana ni nzuri ila inachukua dakika kadhaa kwa fremu moja, na kwa kasi hio nitazeeka nayo. Nimehamia kupiga filamu kwa kamera: kamera imefungwa kwenye stendi ikitazama chini, lenzi ya makro ya 1:1 (inayochukua kitu kwa ukubwa wake halisi), filamu ndani ya kishikio, chini yake taa bapa ya LED yenye alama ya rangi, ile CRI, ya 95 au zaidi. Roli nzima saivi inaisha kabla chai haijapoa.

Matatizo yalikuwa matatu. La kwanza, kona moja ya picha kila mara haikuwa kali. Nilidhani lenzi, kumbe kamera na filamu hazikuwa sambamba. Weka kioo kidogo pale inapokaa filamu, angalia kwenye skrini ya kamera, rekebisha mpaka uone lenzi inajiangalia yenyewe katikati kabisa. Hakuna rula wala programu inayoshinda hii.

La pili, utofauti wa mwanga na kivuli ulikuwa umefifia, meli nyeupe na anga jeupe vinachanganyika. Ni mwanga wa pembeni unaopita nje ya filamu na kuingia kwenye lenzi. Nimekata karatasi nyeusi yenye dirisha la ukubwa wa fremu tu, nimezima taa ya chumba, tatizo limeisha.

La tatu ni ile miduara ya rangi inayotokea filamu ikigusana na kioo. Kishikio chenye kioo nimekiacha kabisa. Filamu iliyojikunja naiweka chini ya vitabu vizito siku kadhaa, alafu kishikio kisicho na kioo kinaishika yenyewe.

Diafragma f/8, napiga RAW (faili ghafi la kamera), nageuza baadae.

8 Juni 2024: meli zilizogeuzwa

Hili ni la kwetu watu wa meli hasa. Ukiweka filamu upande usio wake picha inatoka kama ya kwenye kioo, kushoto kulia. Kwa picha ya mlima pengine hakuna atakayejua, kwa meli umebadilisha ukweli: iliyokuwa inaingia bandarini sasa inatoka, na upande wa kulia wa meli umekuwa wa kushoto. Jina likisomeka utaligundua haraka. Meli ikiwa mbali hutagundua, maana meli nyingi za mizigo pande mbili zinafanana.

Nimekuta slaidi kadhaa ziligeuzwa zamani sana, pengine siku ya kwanza zinawekwa kwenye fremu. Kinga yangu saivi: kwa negativu naacha namba za pembeni mwa filamu zionekane kwenye faili la kwanza, zikisomeka sawasawa picha iko sawasawa. Kwa slaidi naangalia upande usiong'aa sana, huo ndo wenye tabaka la picha, ukitaka kuiona sawa unatazama kutoka upande wa pili, ule unaong'aa. Shaka ikibaki natafuta picha nyingine ya meli hio hio, nalinganisha vitu visivyo na pacha kama kreni ya vyakula au ngazi ya nje.

10 Agosti 2024: kupanga kwa jina hakufai

Folda za kwanza nilizipa majina ya meli. Kwa mwezi hivi ilikwenda vizuri alafu ikavurugika yote. Makampuni yanarudia majina, meli mpya inapewa jina la ile iliyouzwa, kwaiyo ndani ya folda moja nilikuwa na meli mbili zilizopishana miaka ishirini. Na kinyume chake, meli moja ilikuwa kwenye folda tatu kwa sababu iliuzwa mara mbili.

Mfano ambao kila mtu anaujua: Exxon Valdez, ile tanka iliyomwaga mafuta Alaska Machi 1989. Baadae ikawa Exxon Mediterranean, SeaRiver Mediterranean, S/R Mediterranean, kisha Mediterranean, ikageuzwa kutoka tanka kuwa meli ya kubeba madini ghafi ikiitwa Dong Fang Ocean, ikafa na jina la Oriental Nicety kule Alang, ufukwe wa kukatia meli India, mwaka 2012. Majina yote hayo, hata kazi imebadilika, ila namba ni moja: 8414520.

Hio ndo namba ya IMO. Zilianza kama namba za Lloyd's Register, shirika la kukagua na kuorodhesha meli, miaka ya 1960, IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ikazichukua 1987, na tangu 1 Januari 1996 ni lazima kwa meli za mizigo za tani 300 na kuendelea kwa ukubwa wa jumla na za abiria kuanzia tani 100, zinazokwenda safari za kimataifa. Meli ikiuzwa, ikibadili bendera, ikipakwa rangi nyingine, namba haibadiliki mpaka inakatwa.

Nilijaribu pia kupanga kwa MMSI, ile namba ya redio ya tarakimu tisa, kwa sababu inaonekana kirahisi kwenye ramani za meli. Usifanye. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi ya bendera, 636 Liberia, 538 Visiwa vya Marshall, meli ikihama bendera inapewa nyingine, na meli zinahama bendera kila leo.

Kwaiyo jina la faili sasa ni: namba ya IMO, tarehe ya mwaka-mwezi-siku, jina la meli siku ile, namba ya roli na fremu. Ukiagiza kompyuta ipange kwa jina la faili, maisha yote ya meli yanajipanga yenyewe, kutoka rangi mpya mpaka kutu. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikaa nikaangalia muda mrefu. Kuna meli niliyoipiga ikiwa mpya kabisa na nikaipiga tena ikiwa mzee na jina lingine bila kujua ni ile ile, sasa zimekaa bega kwa bega.

5 Oktoba 2024: tarakimu ya mwisho haikamati kila kosa

Namba ya IMO ina kinga ndani yake. Chukua tarakimu sita za kwanza, zidisha kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mpangilio huo, jumlisha, tarakimu ya mwisho ya jumla ndo inatakiwa iwe ya saba. Kwa 8414520 ni 56 + 24 + 5 + 16 + 15 + 4 = 120, inaishia sifuri, namba inaishia sifuri, safi. Nimeweka fomula hio kwenye spredishiti na kila namba niliyoisoma vibaya inawaka nyekundu.

Nilikuwa naiamini kupita kiasi. Siku moja nikakuta picha ya meli ya makontena, namba imepita, ila kumbukumbu za meli zinasema namba ile ni ya tanka. Nimekaa na karatasi kutafuta kwanini, na jibu liko kwenye hesabu yenyewe. Tarakimu ya tatu inazidishwa kwa 5. Ukiisoma vibaya kwa tofauti ya 2, 4, 6 au 8, jumla inabadilika kwa 10, 20, 30 au 40, na tarakimu ya mwisho inabaki ile ile. Yaani 1 ukiisoma 7 pale katikati hutaambiwa kitu! Jaribu 8474520, jumla 150, inapita vizuri kabisa. 6 na 8 hivyo hivyo, 0 na 8 hivyo hivyo.

Kuna jingine. Tarakimu ya pili, ya nne na ya sita zinazidishwa kwa 6, 4 na 2, hapo kosa la tofauti ya 5 ndo linapita, na 3 na 8 zina tofauti ya 5. Sasa fikiria namba iliyopakwa rangi kwenye shetri (nyuma ya meli), imeliwa na chumvi, umeipiga kwa mbali: 3 na 8, 1 na 7, 6 na 8 ndo haswa zinazochanganya macho. Habari njema ni kwamba ukipindua tarakimu mbili zilizofuatana kati ya zile sita za mwanzo utakamatwa kila mara.

Dawa niliyoweka: hakuna namba inayoingia bila ushahidi wa pili. Naiingiza Equasis, kanzidata ya meli mtandaoni, ni bure ukijisajili, naangalia aina ya meli na mwaka wa kujengwa, alafu nalinganisha na picha. Pia kwa meli nyingi za miaka ya 1970 na 1980 tarakimu mbili za mwanzo zinakaribia mwaka ambao namba ilitolewa, kwaiyo meli yenye sura ya 1972 na namba inayoanza na 84 inabidi iulizwe maswali. Kurudia namba zote za nyuma kumenila wikendi nyingi, ila nimetoa makosa ambayo yangebaki milele.

30 Novemba 2024: meli zisizo na namba wala jina

Namba kwenye mwili wa meli ni jambo la juzi. Kuanzia 1 Julai 2004 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ukataka iandikwe mahali panapoonekana, tarakimu zisizopungua milimita 200, meli za zamani zikaongezewa zilipoingia chelezoni. Siku hio hio, 1 Julai 2004, ndo ISPS ilianza kazi, ile kanuni ya usalama wa meli na bandari, na magati tuliyokuwa tunatembea huru yakafungwa. Yaani tulipewa namba ya kusoma siku tuliyosogezwa mbali nayo.

Kwa picha za kabla ya hapo ni upelelezi. Naandika kilichofanya kazi na kilichoshindwa.

Rangi za dohani kwenye nyeusi na nyeupe zimeniangusha vibaya. Dohani la bluu lenye juu nyeusi ni la kampuni ya Blue Funnel, jekundu lenye juu nyeusi na mwili wa meli wa zambarau hafifu ni kampuni ya Union-Castle, sawa, ila kwenye kijivu bluu na nyekundu zinaweza kuwa kitu kimoja. Na mimi nilikuwa nafunga kichujio cha njano au cha chungwa ili mawingu yatoke, ambacho kinaifanya bluu iwe nzito na nyekundu iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa. Kwaiyo dohani peke yake silikubali kama ushahidi, tena meli iliyokodiwa inaweza kuvaa dohani la mkodishaji.

Umbo la meli ni shahidi bora. Liberty, meli za mizigo za Marekani, zilijengwa 2,710 wakati wa Vita Kuu ya Pili, ngama (vyumba vya mizigo) tano, tatu mbele ya jengo la katikati na mbili nyuma. SD14, zile meli za mizigo za Sunderland, Uingereza, zilizokuja kuziba nafasi ya Liberty, ya kwanza Nicola mwaka 1968, jumla 211 na zile zilizojengwa kwa leseni nchi nyingine: ngama nne mbele ya jengo, moja nyuma. Ukishaizoea huikosei hata ikiwa kivuli. Shida ni kwamba umbo linakwambia aina tu, halikwambii ni ipi kati ya hizo 211.

Jina la zamani chini ya rangi ndo lililonipa raha kubwa. Majina mengi kwenye omo na shetri yamefuatishwa kwa weldi, meli ikiuzwa wanapaka rangi juu na kuandika jipya, ila ule mshono wa weldi mara nyingi unabaki. Jua likiwa pembeni, asubuhi au jioni, mshono unatupa kivuli. Nimepandisha utofauti wa mwanga kwenye kipande cha omo tu, herufi zikaanza kujitokeza moja moja. Jua la saa sita halikupi kitu, nimeshajaribu.

Kwa bandari ya usajili soma shetri: Monrovia, Panama, Piraeus, Limassol, Valletta. Hata nusu ya neno inasaidia.

Na baada ya ujanja wote huo, nyingi zimetatuliwa na daftari. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ile mistari ya penseli yenye saa na "inatoka, nyeusi, kreni 3" imefungua fremu ambazo programu zote zilishindwa. Andika daftari, ndugu zangu, hata leo na simu mkononi.

15 Februari 2025: picha mpya zinazoingia na utaratibu mmoja

Sijaacha kupiga, kwaiyo ilibidi picha mpya zisije kuwa mzigo mwingine. Kila meli inayopita napiga tatu kwa uchache: robo tatu kutoka omo, ubavu mzima, na shetri. Ya omo ndo ya kupendeza, ya shetri ndo ya kuaminika, ina jina, bandari na mara nyingi namba ya IMO. Meli nzima ndani ya fremu, usikate mlingoti wala ncha ya omo, acha maji kidogo mbele. Kasi 1/500 au zaidi, ukiwa ndani ya boti ongeza.

Jaribio la kununua zumu ndefu zaidi ili nifikie meli za mbali halikunisaidia nilivyotarajia. Mvuke wa joto juu ya maji unatikisa picha, na lenzi ndefu inakuza huo mtikisiko. Bora kuamka mapema hewa ikiwa imetulia, au kungoja meli isogee, hasa penye mkondo mwembamba. Kwenye mlango bahari wa Bosporus, Uturuki, penye finyu kabisa ni mita 700 tu hivi, na kule Wedel, Ujerumani, kando ya mto Elbe, kituo cha Willkomm-Höft wanasalimia meli kwa wimbo wa taifa lake tangu 1952. Sehemu kama hizo lenzi ya kawaida inatosha.

AIS, ile redio ambayo meli inatangaza jina lake na mahali ilipo, nimeitengenezea kipokezi: kidude cha USB cha kunasa redio, antena ya waya wa sentimita 46, maana mawimbi ni karibu MHz 162 na robo ya wimbi ndo urefu huo. Mara ya kwanza niliiweka dirishani, nikapata meli chache sana. Nimeipandisha juu ya paa na picha ikabadilika kabisa, mawimbi haya yanakwenda kwa kuonana kwaiyo urefu unashinda nguvu.

Ila AIS usiimeze nzima. Mahali meli ilipo panatoka kwenye GPS, lakini mwisho wa safari unaandikwa kwa mkono na mara nyingi haujabadilishwa. Jina lina nafasi ya herufi 20, likizidi linakatwa. Na maandishi ya ubavuni si jina: Machi 2021 dunia nzima ilikuwa inasema Evergreen imekwama Suez, wakati meli ni Ever Given, Evergreen ni kampuni. Naandika kilichoandikwa kwenye omo na shetri, AIS inathibitisha tu.

28 Juni 2025: zilizokatwa

Juzi, tarehe 26 Juni, mkataba wa Hong Kong wa kukata meli kwa usalama umeanza kutumika, miaka 16 baada ya kupitishwa 2009. Nimeutumia kama sababu ya kuongeza safu mbili kwenye spredishiti: mwisho wa meli na mwaka. Alang, Gadani, Chattogram, Aliağa, majina haya ya maeneo ya kukatia meli yanajirudia mstari baada ya mstari, sikutegemea kazi ya kujaza safu ingekuwa nzito hivyo moyoni.

Hapa kuna mtego. Meli ikiuzwa kwenda kukatwa mara nyingi inapewa jina la safari ya mwisho, wanafuta herufi kadhaa tu za lile la zamani, na bendera inabadilishwa. Ukitafuta kwa jina unaweza kudhani ni meli nyingine au kwamba ile yako bado inaelea. Kwa namba ya IMO unaipata mpaka ufukweni.

13 Septemba 2025: tarehe na bakapu

Tarehe zimenisumbua kuliko nilivyofikiria. Slaidi nyingi za Kodak zina mhuri wa mwezi na mwaka kwenye fremu, ila huo ni wa kusafishwa, si wa kupigwa, roli inaweza kukaa ndani ya kamera nusu mwaka. Daftari likisema tofauti na mhuri nafuata daftari.

Alafu nikiwa najua mwaka tu, programu ilikuwa inajaza 1 Januari yenyewe. Ukiangalia hifadhi yangu ungesema kila mwaka mpya nilikuwa gatini nikipiga meli kutwa nzima. Dawa: kwenye jina la faili naweka 1979-00-00, na kwenye metadata (habari zinazobebwa ndani ya faili) naandika kwa programu ya ExifTool kwenye sehemu ya XMP inayokubali mwaka peke yake. Inapangika vizuri na haidanganyi mtu.

Bakapu ni nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya nyumba. Diski moja iligoma Agosti na hakuna kilichopotea. Ila nimejifunza pia kutengeneza alama ya ukaguzi ya kila faili, maana faili linaweza kuharibika kimya na bakapu ikanakili uharibifu. Sasa kila mwisho wa mwezi kompyuta inalinganisha usiku nikiwa nimelala.

23 Novemba 2025: tulipofika

Zenye harufu ya siki zimeisha zote, isipokuwa roli mbili ambazo tabaka lilikuwa limeshabanduka. Slaidi zimeisha. Negativu za rangi zimebaki kidogo, ile rangi ya chungwa ya filamu yenyewe naiondoa kwa kuchukua rangi kwenye ukingo wa filamu usio na picha, kila roli na ya kwake, kipimo kimoja kwa roli zote kilitoa bahari ya zambarau.

Folda ya "haijulikani" bado ipo na imegawanywa: zenye aina inayojulikana, zenye bandari ya usajili tu, na zisizo na chochote. Wiki hii imetoka moja, SD14 iliyokaa humo tangu mwanzo, kwa nusu neno la shetri na mistari miwili ya daftari.

Zinazofuata ni filamu pana za milimita 60. Kishikio cha sasa hakizitoshi na lenzi ya makro inabidi isogee juu, kwaiyo nitarudia kipimo cha kioo upya, na pengine kila fremu nipige vipande viwili niviunganishe. Nikimaliza roli ya kwanza nitaandika kama muungano unapinda mstari wa bahari, maana hapo ndo naona shida inakuja.